Vishanga vya sumaku vikigoma: kukamata Salmonella, E. coli O157 na Listeria kwa mkupuo mmoja

Vishanga vya sumaku ni punje ndogo zilizovishwa kingamwili, zinazowanasa bakteria wa kwenye chakula ili sumaku iwavute. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye yuko mezani maabara, vishanga anavyo, raki ya sumaku anayo, na majibu hayaeleweki. Kwanza tukubaliane njia inavyokwenda ikiwa nzima. Gramu 25 za chakula zinaingia kwenye mililita 225 za brothi, zinalala usiku mmoja kwenye inkubeta. Asubuhi unachota mililita 1, unatia mikrolita 20 za vishanga vilivyovishwa kingamwili, unazungusha taratibu kwa dakika 10, unaweka kwenye sumaku dakika 3, unafyonza maji, unaosha mara mbili au tatu kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) yenye Tween 20 kidogo, ambayo ni kama sabuni laini, kisha vishanga unavirudisha kwenye mikrolita 100 za bafa. Kutoka hapo ni pleti ya kuoteshea koloni, au PCR, yaani kuzidisha na kutambua DNA yao. Karatasi ya mtengenezaji wako ikisema tofauti na hivi, fuata karatasi.

Majibu yakiharibika, wengi hushuku kingamwili. Wanaagiza kichupa kipya, wanasubiri mzigo upite forodha, na tatizo linabaki palepale. Kwa vishanga vya kununua, mimi huanza na brothi. Kosa kubwa kwa kawaida limetokea saa nyingi kabla vishanga havijatoka kwenye friji, hasa pale unapotaka bakteria watatu wenye tabia tofauti waote kwenye chupa moja.

Kabla ya kubadilisha chochote, tenga kosa

Fanya jaribio la ngazi nne. Ngazi ya kwanza: bakteria mmoja, safi, kwenye PBS, kati ya 1,000 na 10,000 kwa mililita, na vishanga vyake peke yake. Ngazi ya pili: bakteria watatu na vishanga vya aina tatu kwenye tyubu moja, bado kwenye PBS. Ngazi ya tatu: chukua brothi ya chakula kilichokwisha oteshwa usiku kucha, tia bakteria wako humo asubuhi, kamata papo hapo. Ngazi ya nne: tia bakteria wachache kwenye chakula chenyewe kabla ya kuotesha, kisha pitia njia yote.

Pale idadi inapoporomoka ndipo penye kosa. Ikianguka ngazi ya kwanza, tazama vishanga, sumaku au mkono wako. Ya pili, vishanga vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe. Ya tatu, chakula kinaingilia. Ya nne, brothi. Nimeona watu wakirukia ngazi ya nne moja kwa moja kwa sababu ndiyo inayofanana na kazi halisi, halafu wanakaa na jibu la "haikufanya kazi" lisiloonyesha pa kuanzia.

Unapohesabu, usihesabu vishanga peke yake. Panda kwenye pleti pia maji uliyofyonza na maji ya kuoshea. Sababu ni hii: kishanga kimoja kinaweza kubeba seli kadhaa, au seli moja ikashikwa na vishanga vitano vilivyoshikana na seli nyingine tatu, na rundo hilo lote likaota koloni moja tu. Ukihesabu waliokamatwa utapata idadi ndogo kuliko ukweli. Waliobaki kwenye maji hawana tatizo hilo, kwa hiyo asilimia ya ukamataji ipate kwa kutoa waliobaki kutoka kwa wale ulioanza nao.

Kwa O157, tumia aina isiyo na jeni za sumu ya Shiga, mfano NCTC 12900. Ni salama zaidi mezani, na ikivuja ikaingia kwenye sampuli ya mteja utaijua, kwa sababu haina stx1 wala stx2. Ila usisahau jambo hilo hilo unapoifanyia PCR: ukiweka vianzishi (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) vya stx peke yake utapata hasi na kulaumu vishanga bure. Weka rfbE, jeni ya O157 yenyewe.

Salmonella na E. coli wapo, Listeria haonekani

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na sababu zake ni nyingi kuliko za malalamiko mengine yote.

Sababu ya kwanza ni mbio. E. coli kwenye brothi nzuri ya nyuzi 37 anagawanyika kila dakika 20 hivi. Listeria monocytogenes anachukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Tuseme dakika 45. Kwa saa 8 E. coli amejizidisha zaidi ya mara milioni 16, Listeria mara 1,600 hivi, na hapo sijahesabu muda ambao seli zilizotoka kwenye baridi au chumvi hukaa bila kugawanyika kabisa. Halafu kuna jambo baya zaidi: aliyetangulia akishajaza brothi, karibu bilioni moja kwa mililita, wote wanasimama kukua, hata yule aliyekuwa bado mchache. Wanamaikrobiolojia wanaliita athari ya Jameson. Kwa hiyo kuongeza muda wa kuotesha kutoka saa 18 hadi 24 hakutamsaidia Listeria aliyekwisha fungiwa mlango, ingawa ndiyo tiba ya kwanza watu wanayojaribu.

Tiba ninayoipendekeza inawakera wanaotaka chupa moja: tumia chupa mbili. Gramu 25 kwenye maji ya peptoni yenye bafa kwa ajili ya Salmonella na O157, na gramu nyingine 25 kwenye brothi ya Fraser nusu kwa nyuzi 30 kwa ajili ya Listeria. Asubuhi chota kutoka zote mbili, unganisha kwenye tyubu moja, na hapo ndipo vishanga vya aina tatu viingie. Bado unakamata kwa mkupuo mmoja, unaosha mara moja, unafanya PCR moja. Kilichoongezeka ni chupa na nafasi kwenye inkubeta. Kama mkuu wako anashikilia chupa moja, zipo brothi zilizobuniwa kwa hilo. SEL, iliyochapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Purdue kule Marekani, ina akriflavini na asidi nalidiksi kwa viwango vidogo, pamoja na fosfomisini, ili kuwapunguza kasi wengine bila kuwaua hao watatu. Inasaidia. Lakini ijaribu na chakula chako, kwa sababu brothi iliyofanya vizuri kwenye soseji haikuahidi chochote kuhusu maziwa.

Sababu ya pili ni joto na mikia. Listeria anatengeneza mikia ya kuogelea akiwa kwenye nyuzi 20 hadi 25, na kwa nyuzi 37 aina nyingi huiacha karibu kabisa. Kama kingamwili ya vishanga vyako inashika mkia, basi ukiotesha kwa 37 umemtoa bakteria akiwa hana kitu cha kushikwa. Muulize muuzaji kingamwili inashika nini. Akijibu "Listeria" tu, uliza tena. Hata protini za ukuta hubadilika kiasi kulingana na brothi: chumvi nyingi na lithiamu kloridi zinaweza kupunguza zile ambazo kingamwili fulani inazitegemea, kwa hiyo seli nyingi zipo na vishanga vinazipita.

Sababu ya tatu ni ndugu yake. Kingamwili nyingi za Listeria zinashika jenasi nzima, na Listeria innocua, asiye na madhara, mara nyingi hukua haraka kuliko monocytogenes kwenye Fraser. Vishanga vinarudi vimejaa innocua. Kwenye agari ya kromojeni ya ALOA utaona koloni za kijani-buluu nyingi bila duara jeupe pembeni, na mbili tatu zenye duara zimejificha katikati. Usichague koloni tano za kwanza zinazopendeza. Tafuta duara.

Na ya nne inahusu wanaomalizia kwa PCR. Listeria ni Gram chanya, ukuta wake mnene. Kuchemsha vishanga dakika 10 kunawapasua Salmonella na E. coli vizuri, huku Listeria wengi wakibaki wazima na DNA yao ndani. Tia lisozaimu kwanza, dakika 30 kwa nyuzi 37, kisha chemsha. Kama alama ya hlyA, jeni ya Listeria, itapanda ghafla huku invA ya Salmonella ikibaki ilipokuwa, jibu umelipata.

Nimelikalia hili kwa sababu hasi ya Listeria ndiyo dhaifu kuliko zote katika njia hii na ndiyo inayopokelewa kwa urahisi zaidi. Mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 hadi 2018, uliofuatiliwa hadi kwenye soseji nene iitwayo polony, ulikuwa na wagonjwa 1,060 waliothibitishwa na vifo 216. Chakula chenyewe kilikuwa kile kinachotolewa kwenye friji na kuliwa bila kupikwa.

Kwenye bafa safi ni sawa, kwenye chakula hakuna kitu

Jiulize kwanza kama uliotesha. Yapo majaribio ya kuruka hatua hiyo ili jibu litoke siku hiyo hiyo. Fanya hesabu: chakula kina seli 10 kwenye ule mchanganyiko wa mililita 250, wewe unachota mililita 1. Uwezekano wa kupata hata seli moja ni kama asilimia 4. Kingamwili bora duniani haiwezi kukamata seli ambayo haikuingia kwenye tyubu. Na kwa O157 chini ya seli 100 zinaweza kutosha kumuuguza mtu, kwa hiyo huwezi kusema seli 10 ni chache mno za kujali.

Kama uliotesha, tazama chakula chenyewe.

Nyama ya kusaga na soseji: mafuta. Yanajipaka kwenye vishanga, vinaelea badala ya kwenda kwenye sumaku, na unavifyonza pamoja na maji. Tumia mfuko wa kusagia wenye chujio, uache usimame dakika kadhaa, chota kutoka katikati, chini ya tabaka la mafuta. Ongeza Tween kwenye maji ya kuoshea kabla hujafikiria kitu kingine.

Maziwa yana mtego wake. Mtu akisikia mafuta anakimbilia sentrifuji, anatupa malai ya juu. Kwenye maziwa mabichi bakteria wengi hupanda na malai, kwa sababu kingamwili za ng'ombe mwenyewe zinawashikanisha na matone ya mafuta. Ukitupa malai umetupa ulichokuwa unakitafuta. Maziwa yaingize kwenye brothi yote, yachanganye vizuri, mafuta utapambana nayo wakati wa kuosha.

Mtindi, maziwa lala, juisi ya ukwaju: asidi. Maji ya peptoni yana bafa lakini si ya kubeba gramu 25 za mtindi uliokolea. Pima pH baada ya kuchanganya, si kabla, na irudishe karibu na 7. Kingamwili nazo hazishiki vizuri kwenye asidi, kwa hiyo brothi iliyoshuka usiku kucha inakupiga mara mbili. Karatasi ya pH ya bei nafuu inatosha kugundua hili.

Viungo ni kesi ya peke yake, na kwa maabara inayopokea mzigo wa Zanzibar si jambo la pembeni. Karafuu inaua bakteria kwenye brothi kabla hujawapata. Mwongozo wa mamlaka ya chakula ya Marekani kwa Salmonella unataka mdalasini upimwe kwa uwiano wa 1 kwa 100 na karafuu 1 kwa 1,000. Piga hesabu: gramu 25 za karafuu ni lita 25 za brothi. Hakuna anayefurahia hilo, ndiyo maana watu hupunguza sampuli. Ukipunguza hadi gramu 1, sawa, lakini ripoti iseme gramu 1, kwa sababu "haikupatikana kwenye gramu 25" ni dai lingine kabisa. Unga wa vitunguu na wa vitunguu saumu una dawa yake: brothi yenye potasiamu salfaiti, gramu 5 kwa lita, inazima ule ukali.

Vishanga vinaganda, au donge linapungua kila ukiosha

Hapa macho yako yanatosha. Shika tyubu mbele ya mwanga. Vishanga vizima vikitikiswa vinakuwa wingu la kahawia laini, sawasawa kila mahali, na vikiwa kwenye sumaku vinapanga mstari mwembamba ukutani. Vikionekana kama chenga za kahawa, vimegandana. Mstari ukiwa mweusi mwanzoni na baada ya kuosha mara ya tatu ukawa kivuli tu, unavipoteza kwenye pipeti.

Kuganda kwa vishanga vya kichupa kipya karibu kila mara ni friji. Vinatakiwa nyuzi 2 hadi 8, visigande kamwe. Friji kuukuu inagandisha kwenye ukuta wa nyuma, na pale umeme unapokatika watu hupakia mabarafu ya chanjo juu ya vichupa kwa nia njema. Kichupa kilichoganda hakirudi hali yake hata ukitikisa nusu saa. Kitupe. Vilivyokaukia mdomoni mwa kichupa navyo usivisukumize ndani. Weka vichupa rafu ya katikati, ndani ya kiboksi, na kipimajoto pembeni.

Kuganda kunakotokea baada ya kuingiza sampuli ni hadithi nyingine: mafuta, au DNA ya seli zilizopasuka. DNA inafanya maji yavutike kama utelezi wa bamia, na ukiona uzi unaning'inia kwenye ncha ya pipeti usiendelee. Punguza sampuli kwa PBS mara kumi, au tia kimeng'enya cha kukata DNA kama utamalizia kwenye pleti. Ukimalizia kwa PCR, kimeng'enya hicho kioshwe chote kabla ya kuchemsha, la sivyo kitakula DNA unayoitaka pindi tu seli zinapopasuka.

Kupotea kwa vishanga ni mkono. Ncha ya pipeti iguse upande wa pili wa sumaku, fyonza polepole, acha mikrolita 50 chini kuliko kujaribu kumaliza. Sampuli nzito ipe sumaku dakika 5 hadi 10. Na ujue ukubwa wa vishanga vyako: vile vya mikrometa 2.8, vilivyotokana na kazi ya John Ugelstad kule Trondheim, vinakimbilia sumaku kwa dakika chache. Vya nanomita 100 vinaifikia seli upesi lakini kwenye raki ya kawaida vinajikokota, wakati mwingine nusu saa. Usitumie muda wa kimoja kwa kingine.

Kila sampuli ni chanya

Wanaokumbuka mwaka 1997, Salmonella ilipotajwa na minofu ya sangara wa Ziwa Victoria ikazuiwa kuingia baadhi ya masoko ya Ulaya, hawahitaji kuelezwa kwamba chanya ya uongo ina bei.

Anza na tyubu isiyo na chakula, brothi tupu iliyopitia kila hatua. Ikiwa chanya, ni uchafu: bafa, pipeti, matone yanayoruka unapofungua vifuniko vya tyubu zilizotoka kuzungushwa. Ziteremshe kwanza kwa kuzizungusha sekunde chache kwenye sentrifuji ndogo, badilisha ncha kila tyubu, fungua moja moja.

Brothi tupu ikiwa safi, tengeneza kontroli mbili za vishanga kwa sampuli hiyo hiyo inayosumbua: vishanga visivyo na kingamwili yoyote vilivyofunikwa kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe), na vishanga vilivyovishwa IgG, yaani kingamwili ya kawaida, ya sungura ambaye hakuchanjwa. Kisha soma.

Vishanga vitupu vikikamata karibu sawa na vyako, bakteria wanang'ang'ania plastiki. Ongeza Tween, ongeza mara za kuosha, hamisha vishanga kwenye tyubu mpya kabla ya mwosho wa mwisho maana ukuta wa tyubu nao hubeba bakteria. Hatua hiyo ya kuhamisha watu huiruka, na mara nyingi inatosha peke yake.

Vishanga vitupu vikiwa safi lakini vya IgG ya kawaida vikakamata, mshuku Staphylococcus aureus. Ana protini A ukutani, na protini hiyo inashika kingamwili kwa mkia wake, bila kujali ilitengenezwa dhidi ya nani. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yamejaa bakteria huyo. Vishanga vyako vinamkamata kwa juhudi zote vikidhani vimefanya kazi. Dawa ni kingamwili zilizokatwa mkia, au za kuku: IgY haishikwi na protini A.

Zote mbili zikiwa safi na vyako vikakamata asiyetakiwa, ni mfanano wa kweli wa antijeni. Kwa O157 orodha inajulikana: baadhi ya Citrobacter freundii, Escherichia hermannii, Salmonella wa kundi O30. Hapo huna cha kurekebisha kwenye vishanga. Hakuna kingamwili itakayotofautisha sukari zinazofanana. Thibitisha kwa jeni, basi.

Kama unamalizia kwa rangi za mng'ao badala ya PCR, angalia pia kingamwili ya pili. Kingamwili ya vishanga ikitoka kwa panya, na ya kutambua ikatoka kwa panya, kisha ukatia ya kupinga panya yenye rangi, umepaka rangi vishanga vyenyewe. Kila tyubu itang'aa hata yenye maji matupu. Badilisha mnyama wa moja kati ya hizo.

Moja moja ziko sawa, zikichanganywa mmoja anapotea

Ngazi ya pili ya jaribio ndiyo inayofichua hili. Vishanga ni viti vya daladala: wakiwahi milioni kumi wa aina moja, yule aliyekuja peke yake anabaki kituoni. Kwa vishanga vyenye kingamwili moja kila kimoja, tatizo hili linakaa ndani ya aina hiyo tu, innocua dhidi ya monocytogenes kwa mfano. Lakini kwa vishanga vilivyovishwa kingamwili tatu kwa pamoja, mwingi anakalia nafasi za wote. Sivipendi. Ukitaka watatu, changanya vishanga vya aina tatu, usichanganye kingamwili tatu kwenye kishanga kimoja.

Brothi iliyojaa sana ipunguze kwa PBS mara 10 au 100 na kamata tena sambamba na ile isiyopunguzwa. Sampuli iliyopunguzwa ikitoa jibu zuri kuliko nzito, ulikuwa umejaza viti.

Kuongeza vishanga bila kipimo nako kunaharibu. Mikrolita 20 za kila aina ni 60 kwa jumla, donge linakuwa nene, maji machafu yananaswa ndani, na chuma kingi kinaingia kwenye PCR na kuizima. Jaribu 10 za kila aina kwanza. Kwenye PCR usitie vishanga: chemsha, rudisha kwenye sumaku, chukua maji ya juu peke yake.

Mara nyingine ukamataji uko sawa na ugomvi uko ndani ya PCR. Salmonella milioni moja wanamaliza malighafi kwenye mizunguko ya mwanzo, Listeria mia moja hawapati chochote. Punguza vianzishi vya invA hadi nusu au robo ya vile vya hlyA. Kama hiyo haikutosha, gawa maji ya juu kwenye PCR mbili.

Umevisha vishanga mwenyewe?

Ukitumia EDC, kemikali ya kuunganisha kingamwili na kishanga, kosa ni moja kati ya haya. Bafa ya Tris au glisini imeingia, na amini zake zimekula viunganishi vyote. Kingamwili ilikuja na BSA au sodiamu azidi ndani ya kichupa, ukavisha BSA. Au EDC imenyonya unyevu, jambo la kawaida Dar es Salaam na Mombasa: kichupa kikitoka kwenye friza kiache kipate joto la chumba kabla ya kukifungua. Tumia bafa ya MES yenye pH kati ya 5 na 6 na uchuje kingamwili kwanza. Kisha osha vizuri mwishoni, kwa sababu kingamwili iliyobaki ikielea huru itawafunika bakteria kabla vishanga havijafika.

PCR chanya, pleti hasi

Inawezekana walikuwa wamekufa. Nyama iliyopikwa vizuri inaweza kuwa na DNA ya Salmonella bila Salmonella hai, ingawa usiku mmoja wa kuotesha hufanya maelezo haya kuwa magumu kukubalika kama alama imetokea mapema kwenye PCR. Inawezekana vishanga havikuoshwa kabla ya kutumika na azidi ya kuhifadhia ikazuia ukuaji. Na inawezekana agari ni kali: CT-SMAC, agari ya kutafutia O157, ina teluraiti, na O157 waliojeruhiwa na baridi au asidi hawaivumilii. Panda sambamba kwenye SMAC ya kawaida.

Usomaji pia unachangia. Kwenye CT-SMAC unatafuta koloni zilizofifia, zisizochachusha sobitoli, kati ya za waridi. Zisome zikiwa na saa 18 hadi 24, si keshokutwa, maana rangi hubadilika. Na wapo O157 wanaochachusha sobitoli, wanaojulikana zaidi Ujerumani, ambao kwenye agari hiyo wataonekana E. coli wa kawaida tu. PCR ikisema rfbE na stx2 zipo, chukua koloni za waridi pia.

Kinyume chake, pleti chanya na PCR hasi, ni kizuizi hadi ithibitishwe vingine. Tazama kontroli ya ndani ya PCR, ile DNA inayojulikana inayotiwa kwenye kila tyubu. Isipoonekana nayo, jibu lako si hasi, ni halijasomeka. Punguza DNA mara kumi, rudia.

Stx ikiwa chanya na vishanga vya O157 vikarudi vitupu kila mara, acha kutafuta kosa kwenye vishanga. Mlipuko wa Ujerumani wa 2011, uliotokana na mbegu za uwatu zilizooteshwa, ulikuwa wa O104:H4, na hakuna kishanga cha O157 ambacho kingemkamata. Marekani nao, tangu Juni 2012, wanapima nyama mbichi ya ng'ombe kwa makundi mengine sita: O26, O45, O103, O111, O121 na O145. Vishanga vya makundi hayo vinauzwa. Kwa sampuli kama hiyo, andika kwamba jeni za stx zimeonekana na O157 hakupatikana, tunza brothi iliyobaki kwenye friji, na ipitishe kwenye vishanga vya hao sita kabla hujaiweka kwenye otoklevu.